Ukishapunguzwa mfuko wa chakula: miezi 6 ya kwanza, kutoka jikoni kwangu Makole

Mimi ni mpishi. Kwa miaka 17 nimepika chai ya saa nne na chakula cha mchana cha vikao hapa Dodoma, tangu enzi ofisi nyingi za serikali bado ziko Dar es Salaam, na zilipohamia huku kazi ikaongezeka hadi nikawa na masufuria yasiyopita mlangoni. Mwezi Juni, nikiwa na miaka 52, kilo 128, kisukari na magoti yanayonililia kila nikipanda ngazi, niliuza kiwanja changu cha Nala nikaenda Dar kupunguzwa mfuko wa chakula. Sasa ni mwezi wa 7 tangu nipasuliwe. Nimepungua kilo 22.

Yupo mwenzangu tuliyelala naye wodi moja ambaye ameshaacha njiani kilo 35. Ninaandika kwa ajili ya wanaoshuka polepole kama mimi, na kwa yule anayerudi nyumbani wiki hii na karatasi ya hospitali inayosema "vyakula laini" bila kusema laini kiasi gani. Maneno yangu yakigongana na karatasi yako, fuata karatasi. Daktari wako ndiye anayejua alikata wapi na alishona wapi.

Mtaani watasema "amekatwa utumbo". Utumbo wangu uko palepale. Kilichotolewa ni sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu na zaidi, ukabaki mrija mwembamba uliopinda kama ukwaju kwenye ganda lake. Kile kipande kilichotoka ndicho kinachotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana wiki za mwanzo hata kitunguu kikikaangwa mbele yangu hakikuniambia kitu. Waliofanyiwa baipasi, yaani mfuko mdogo ukaunganishwa moja kwa moja na utumbo, mengi ya hapa yanawahusu pia, ila wao wawe wakali zaidi kwenye sukari. Kijiko cha asali kinaweza kuwatoa jasho, moyo ukaenda mbio na choo kikawakimbiza.

Siku za Dar na safari ya kurudi

Kilichonishangaza ni bega. Nilijiandaa kwa maumivu ya yale matundu 5 ya tumboni, kumbe hayo yalikuwa madogo. Wakati wa upasuaji tumbo hujazwa hewa ya kaboni ili kamera ipate nafasi ya kuona, na mabaki ya hewa hiyo husumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu. Mshipa wa fahamu wa kiwambo ndio unaopeleka malalamiko begani. Dawa yake ni kutembea. Jioni ileile nilishushwa kitandani nikatembea hadi mlango wa wodi, nikarudi, nikalala. Kesho yake mara 6. Kutembea huko pia kunazuia damu isigande miguuni, na usiache hata siku unayojisikia hovyo, labda daktari akukataze.

Kuamka kitandani, usijiinue kwa tumbo. Lala ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ukikohoa, kumbatia mto. Kwa wiki 6 usinyanyue kitu kizito. Mimi niliambiwa mwisho kilo 5, na kwa mpishi hilo ni kusema usiguse sufuria yoyote ya maana.

Nilikaa kwa dada yangu Dar siku 12 kabla ya kurudi, na ningekushauri nawe usikimbilie nyumbani. Mshono ukivuja, mara nyingi huvuja katika siku hizo za mwanzo. Dada alinipokea na kanga pamoja na maji ya moto tayari kunikanda kama mzazi. Nikamwambia dada, hili si tumbo la uzazi, lina mshono ndani. Alinuna siku nzima. Acha anune.

Dalili hizi zikitokea usisubiri asubuhi: mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika nawe umekaa tu, homa ya nyuzi 38 na kuendelea, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, kutapika hadi maji hayakai, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kubana, choo cheusi kama lami. Usiende kwenye zahanati ya jirani kutundikiwa dripu ukarudishwa kulala. Nenda hospitali yenye madaktari wa upasuaji na kipimo cha CT. Mimi nilipofika Dodoma nilikuwa nimeshaamua kwamba likitokea lolote ni Hospitali ya Benjamin Mkapa moja kwa moja, namba ya dereva wa bajaji iko kwenye simu, na ile ripoti ya upasuaji iko kwenye bahasha juu ya friji, mahali ambapo hata mjukuu anaijua.

Kwa safari, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 sioni sababu ya mtu aliyetoka kupasuliwa kukaa kwenye basi siku nzima amekunja magoti. Kwenye treni niliinuka kila nusu saa nikatembea behewa hadi behewa. Abiria mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Maji kwanza, hata kabla ya chakula

Wengi wanaorudishwa hospitali mwezi wa kwanza hawarudi kwa njaa. Wanarudi kwa kukaukiwa maji. Mfuko mpya haukubali glasi ya kugugumia. Ukijaribu utasikia kama umemeza jiwe.

Kipimo changu kilikuwa kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wazee wa kijiweni. Nilikipima kwa bomba la sindano, kinaingia mililita 60. Siku za mwanzo nusu kikombe kila robo saa, kwa vijifunda. Wiki ya 3 kikombe kizima kila robo saa. Asubuhi najaza chupa ya lita moja na nusu, na adhana ya isha ikisikika inatakiwa iwe tupu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umedanganya mahali.

Hapa kwetu kuna mambo mawili. Kwanza upepo: Julai na Agosti unakausha midomo bila wewe kujua, na kwa sababu hakuna joto la Dar hutahisi kiu. Pili ladha: maji ya Dodoma yana chumvichumvi, na baada ya upasuaji ulimi wangu uliyakataa kabisa. Nikawa nayachemsha na mchaichai, nakunywa ya uvuguvugu. Maji baridi yalinibana kifuani. Soda usiiguse, gesi haina pa kwenda. Juisi ya zabibu nayo, najua ndiyo fahari ya mji huu, lakini ni sukari inayoteremka bila kugonga mlango.

Usinywe wakati wa kula, na ukimaliza kula subiri nusu saa. Sheria hii ilinishinda kuliko zote. Mimi ni mtu wa kula na kikombe pembeni tangu utotoni, na hadi leo huwa naweka chupa chumba kingine nisije nikasahau.

Laini kiasi gani?

Siku 2 za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, nyepesi hadi uone chini ya bakuli. Kisha hadi mwisho wa wiki ya 2 ni vinywaji vizito kidogo: maziwa, mtindi mwepesi, supu. Wiki ya 3 na 4 chakula kilichosagwa. Ya 5 na ya 6 chakula laini cha kupondeka kwa uma. Baada ya hapo ndipo unaanza kujaribu vya kawaida, kimoja kimoja. Hospitali nyingine huongeza wiki, nyingine hupunguza.

Supu ndiyo niliyoielewa vibaya. Nikachemsha mifupa ya ng'ombe kwa saa 5, ikatoka supu ya kumfufua mgonjwa, nikaichuja kwa kitambaa mara mbili, nikanywa siku 4 mfululizo. Nikawa dhaifu, kichwa chepesi. Mtaalamu wa lishe aliniuliza kwa simu: protini iko wapi? Supu ya mifupa ina ladha na chumvi, protini yake ni kidogo. Unatakiwa upate kama gramu 60 hadi 80 kwa siku, la sivyo mwili unakula misuli yako wenyewe. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8. Yai gramu 6. Ukiyajumlisha utaona namna siku inavyokuwa fupi.

Nilichofanya: kila kinachonywewa nikakitia maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Vijiko 2 vikubwa kwenye supu iliyopoa kidogo (ikiwa ya moto sana yanaganda mabongebonge), vijiko 2 kwenye maziwa yenyewe. Unga wa protini wa madukani upo, ni ghali. Nilinunua kopo moja nikalitumia kwa siku za taabu tu.

Uji wa lishe ndugu watakuletea kwa mapenzi yote. Mahindi, mtama, mchele, karanga, na sukari vijiko vitano. Ule ni wa kumnenepesha mtoto.

Wiki ya 3 ndipo upishi wangu ulipopata kazi. Dagaa: nitoe vichwa, nioshe maji matatu mpaka mchanga uishe, nikaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, nisage, nichekeche kwa chekeche ya unga. Huo unga unaingia kila mahali. Choroko: zilale kwenye maji usiku, zichemshwe hadi zipasuke, usugue maganda yaelee uyamwage, kisha blenda pamoja na mtindi na chumvi kidogo. Ndani yake unatia kijiko cha unga wa dagaa. Harufu utaizoea.

Na mlenda! Wagogo tulizaliwa nao, na nilidhani Mungu aliutengeneza kwa ajili ya waliopasuliwa mfuko. Unateleza bila kusumbua. Ila utelezi si protini. Nikawa naupika mwepesi, napasulia yai ndani nakoroga haraka likiwa bado halijaganda, na unga wa dagaa juu. Mama mkwe alionja akauliza nani amenifundisha uchawi huu.

Kiasi kilikuwa vijiko 4 vya chakula, kwenye kisosi, kwa kijiko cha mtoto, ndani ya dakika 20 hadi 30. Kushiba kwangu kwa zamani kulikuwa tumboni. Kwa sasa kuko juu, katikati ya kifua, na hakuji kwa hodi. Ishara yangu ni kamasi: pua ikianza kuchuruzika, kijiko kimoja zaidi ni balaa. Wengine hupata kwikwi au chafya. Itafute yako uiheshimu.

Nilijifunza hilo kwenye kikao cha harusi, wiki ya 7. Wakaleta kuku wa kienyeji wa kukaanga, mkavu, nikasema kipande kidogo tu. Kilikwama. Mdomo ukajaa mate ya povu, siwezi kumeza, siwezi kuongea, nikatoka nje nikasimama nyuma ya gari la mwenyekiti nikitema kwa dakika 40. Nyama ianze kwa samaki, kisha kuku wa kuchemsha aliyelegea kwenye mchuzi wake, kisha nyama ya kusaga. Kuku wa kienyeji aliyezeeka akitembea asubiri miezi mingi.

Ugali, wali na chapati vinavimba vikikutana na unyevu. Kwenye kisosi protini inaliwa kwanza, halafu mboga, ugali mwisho kama nafasi ipo. Mwezi wa 4 nilikula matonge mawili ya ugali wa uwele na sikuhitaji la tatu. Kwa mtu wa Dodoma hilo ni jambo la kusimulia.

Mizani

Wiki ya kwanza kilo 5 zilitoka. Wiki ya 2 kilo 3. Wiki ya 3 sifuri. Ya 4 sifuri. Ya 5 nikaongezeka nusu kilo, nikakaa sakafuni bafuni nikalia, nikiwaza kiwanja cha Nala.

Laiti mtu angeniambia mapema. Weka nyama motoni bila mafuta: kwanza inatoa maji mengi, sufuria inajaa, unadhani nyama imeisha. Mafuta yake huanza kutoka baadaye, polepole. Mwili nao uko hivyo. Akiba ya sukari kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji. Usipokula, akiba inaisha na maji yake yanaondoka, mizani inashangilia. Ukianza kula kidogo mwili unarudisha baadhi ya maji hayo, huku mafuta yanaendelea kupungua, na mizani inasimama. Wengi hukwama karibu na wiki ya 3. Kunasa huko kunaweza kuchukua wiki moja hadi tatu na kujirudia tena mbele.

Usipunguze chakula ili kuisukuma mizani. Kula protini yako, kunywa maji yako, tembea.

Nimejiwekea kujipima mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, nimeshakwenda chooni, sijanywa chai, mizani iko juu ya kigae kilekile. Wale vijana wenye mizani barabarani nawaheshimu kwa kazi yao, lakini mizani iliyowekwa juu ya changarawe siipeleki kwa daktari. Na nunua futi ya fundi cherehani. Katika zile wiki 3 za sifuri kiuno changu kilipungua sentimita 4.

Kushuka polepole kuna sababu zake. Umri, kisukari cha muda mrefu, misuli michache, baadhi ya dawa. Sikuvijua hivyo hadi mwezi wa 3 daktari aliponieleza. Lakini mimi nilikuwa na sababu moja zaidi, na hiyo nilijikamata nayo mwenyewe.

Kuonja

Mpishi anaonja. Chumvi ya pilau, kiungo cha mchuzi, ukingo wa chapati iliyoungua ambayo haiwezi kwenda mezani. Nilikuwa naapa kwamba nakula visosi 3 kwa siku. Mwezi wa 4, kilo zikiwa zimegoma, nikaweka bakuli pembeni ya jiko: kila nikionja kijiko, natia kijiko kingine kama hicho kwenye bakuli. Saa nane mchana bakuli lilikuwa na kikombe kimoja na nusu cha wali, mchuzi wa nazi, mafuta na vipande vya viazi. Hicho kilikuwa mlo wa nne ambao sikuwahi kuuhesabu. Na vyote vilaini, vyenye mafuta, vinavyopita kwenye mrija bila kuushibisha.

Siku hizi anaonja binti ninayefanya naye kazi. Mwezi wa kwanza tulipeleka ofisini pilau yenye chumvi nyingi mara mbili. Imebidi.

Hata kama hupiki kwa kuuza, fanya jaribio la bakuli siku moja. Mabaki ya mtoto, karanga za kutafuna ukisubiri daladala, kashata, chai ya maziwa yenye sukari vikombe vitatu: vyote vitie kwenye bakuli.

Dawa na nywele

Vitamini ni za maisha, si za dozi. Mimi natumia ya mchanganyiko, B12, kalsiamu na vitamini D, na madini ya chuma. Chuma na kalsiamu viachane saa 2, na chuma usikinywe na chai. Ukitapika siku kadhaa mfululizo, mwambie daktari hata kama umeacha kutapika, kwa sababu vitamini B1 ikikosekana huharibu mishipa ya fahamu.

Duka moja la dawa liliniuzia diklofenaki ya magoti bila kuniuliza kitu, nami nikameza mbili. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinachubua mfuko na kuleta vidonda. Panadoli kwanza, na jina la upasuaji wako litaje kabla hujatoa pesa.

Kisukari: sukari yangu ilishuka wiki ya kwanza, kabla kilo hazijashuka. Daktari aliniondolea glibenklamidi siku ya kutoka wodini kwa sababu ingenishusha hadi nizimie. Nenda na orodha ya dawa zako zote, za presha pia, na usipunguze mwenyewe. Wadogo zangu mnaotarajia kuzaa, uzazi hurudi ghafla kilo zikianza kuondoka. Subirini angalau mwaka hadi mwaka na nusu, na njia ya kuzuia mimba mpange na daktari.

Nywele zitakatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Mto wangu ulikuwa kama wa kinyozi. Nilisuka twende kilioni nyepesi nikaacha kuvuta. Zinarudi, vipimo vya damu vikiwa sawa. Mimi nilipima mwezi wa 3 na wa 6.

Watu

Nilimwambia mume wangu, dada, na binti wa jikoni. Wengine waliona mashavu yamelegea, wakaanza: "Mama, unaumwa?" Mmoja alinishika mkono sokoni Majengo akaninong'oneza niende nikapime, dawa zipo bure. Mwingine aliyejua siri kupitia dada akasema, "Milioni zote zile, mbona bado mnene?" Siku moja, watu wawili, na mimi ni yuleyule.

Usiwajibu kwa maelezo. Msibani au harusini, ukilazimishwa sahani, maneno "daktari amenikataza" hufunga mjadala haraka kuliko neno lolote la lishe. Pokea sahani, mpe mtoto aliye karibu, endelea na mazungumzo.

Natembea kila asubuhi kutoka Makole hadi Nyerere Square na kurudi, kabla jua halijapanda. Mwezi wa 2 nilipumzika mara 3 njiani. Sasa sipumziki, na magoti yananiuma nikishuka tu.

Nguo: usishone mpya kwa sasa, na ukipeleka za zamani kwa fundi mwambie apunguze kwa kukunja ndani bila kukata kitambaa. Wangu alikata gauni mbili kwa kiuno cha mwezi wa 3. Hizo mbili nimewaachia wadogo zangu, na zile zilizokunjwa tu nimezirudisha kwake wiki hii akunje tena.